Ua la Uani ni Shahidi wa Majira

Kila mwaka, inapoingia miezi ya Machi na Aprili, mabaraza yetu ya Unguja na Pemba huwa na mjadala ule ule. Mmoja husema masika yamechelewa. Wa pili hudai kwamba hayakuchelewa, ila yameanza kwa manyunyu. Wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mkubwa wao kwa umri, huapa kwamba mvua za siku hizi si mvua, na kwamba katika ujana wake asumini ya mama yake ilikuwa imekwisha kujaa matumba kabla ya wingu la kwanza kutua. Mjadala huo hukatwa na adhana ya laasiri, au na birika la kahawa kwisha, na watu wakaondoka bila ya kukubaliana. Haukosi wasemaji wala hekima. Unachokosa ni ushahidi.

Sisi tunasema kwamba ushahidi huo upo, nao uko karibu kuliko watu wanavyodhani. Uko uani. Bustani ndogo ya maua, ile yenye shina la asumini ukutani, mrehani kwenye kopo la samli na mwaridi katika karai lililotoboka, huandika habari za mwaka siku kwa siku. Kazi iliyobaki ni ya mwenye nyumba: kuitazama bustani yake kwa mpango, kuipiga picha, na kuandika tarehe. Jambo hili dogo lina manufaa makubwa kwa wananchi na kwa Serikali, na ndilo tunalokusudia kulieleza leo.

Kwanza yafaa ifahamike ni kitu gani kinachoyaamsha maua ya kwetu. Katika nchi za mbali na Ikweta, mmea hujua majira kwa urefu wa mchana, kwani mchana wa huko wakati wa joto huwa mrefu mno na wakati wa baridi huwa mfupi mno. Visiwa vyetu viko baina ya nyuzi tano na sita na nusu kusini ya Ikweta, na tofauti baina ya mchana wetu mrefu na mchana wetu mfupi haifiki hata saa moja. Kwa hiyo mimea yetu husikiliza zaidi maji, ukavu, joto na upepo. Mvua ikichelewa, ua huchelewa. Ukavu ukizidi, wapo wanaonyamaza, na wapo wanaochanua kwa ukavu huo huo. Ndiyo maana bustani ya visiwani ni mpimaji mwaminifu wa mvua na pepo.

Tuanze na kaskazi. Kuanzia Desemba mpaka karibu na Machi, upepo hutoka upande huo, jua huwa kali na joto hupanda. Huu ndio wakati wa mkrismasi, mti uliotujia kutoka Bukini, kuvaa wekundu wake kando ya njia na nyuma ya nyumba, ingawa mara nyingi huwa umeanza tangu vuli. Bogenvilea nayo hupenda ukavu, na hushona ukuta mzima kwa rangi. Mwenye kuitazama kwa karibu, au kuikuza katika picha, atagundua kwamba ile rangi anayoisifu ni ya majani yaliyogeuka, na ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kilichojificha katikati. Asumini, ikipata ndoo ya maji kila jioni, hutoa matumba kwa wingi katika joto hili. Matumba hayo hufunguka magharibi inapoingia. Kwa sababu hiyo, akina mama huyachuma alasiri yakiwa bado yamefumba, wakayatunga uzini, yakaja kuchanua kwenye nywele za bibi arusi au juu ya mto wa kulalia.

Kisha huja masika. Mwezi wa Machi hadi Mei mvua kubwa hunyesha, na Pemba hupata nyingi zaidi kuliko Unguja. Mgeni hudhani kwamba wakati wa mvua nyingi ndio wakati wa maua mengi, lakini mtunza bustani anajua sivyo. Mmea ulioshiba maji hukimbilia majani. Matawi hurefuka, maua yaliyopo hupigwa na matone yakaanguka, na ukungu mweupe na madoa meusi huingia katika mwaridi. Hata hivyo, katika baadhi ya nyua na vichaka vya pwani huchomoza wakati huo ua jekundu la duara mfano wa mpira, ambalo hutoka kwenye kitunguu chake ardhini mvua zinapoanza, tena mara nyingi kabla ya majani yake. Siku ya kuchomoza kwa ua hilo ni siku ya kuandikwa. Mwenye picha zake za miaka mitano mfululizo anayo habari ya kuanza kwa masika matano.

Kusi likikaza, kipupwe huingia. Juni na Julai hewa hupoa, na asumini hupunguza mwendo. Mwaridi, uliokuwa ukitoa vijua vidogo vya kupukutika upesi wakati wa joto, sasa hufungua maua makubwa zaidi na yenye kudumu. Mwembe unaoinamia uani hupata ubaridi unaouhitaji, ukaanza kutoa maua yake ya manjano na wekundu. Ikiwa mvua za mchoo zitanyesha juu ya maua hayo, mengi huweusika na kuanguka, na mwenye mwembe huyajua mavuno ya Desemba tangu Agosti. Demani hufuata, bahari hutulia, ardhi hukauka, na maji ya kuoshea mchele huwa na thamani kwenye vyungu.

Halafu vuli. Mvua za Oktoba mpaka Desemba ndizo zenye kigeugeu kuliko zote. Mwaka 1997 vuli ilifurika katika pwani yote ya Afrika Mashariki kwa sababu ya El Niño. Mwaka 2019 mvua zilizidi tena, mara hii kutokana na joto la Bahari ya Hindi kuelemea upande wetu wa magharibi. Mwaka 2022 vuli ilisinyaa, hata Dar es Salaam ikagawiwa maji kwa zamu kwa sababu Mto Ruvu ulipungua. Mwaka uliofuata, 2023, El Niño ilirudi na mafuriko yake. Hiyo ni miaka minne yenye sura nne. Mitambo ya hali ya hewa ilipima mvua hizo milimita kwa milimita. Lakini tukiuliza asumini za Makunduchi, za Mkokotoni, za Wete na za Chake Chake zilifanya nini katika vuli ya 2019 na zilifanya nini katika ile ya 2022, tutapata jibu kwa nani? Maua yalisema, na hapakuwa na mwandishi.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni la kizungu. Madai hayo hayana msingi. Wazee wetu walikuwa na hesabu kamili ya majira kabla ya kuletwa kalenda za ukutani. Chuoni tulifundishwa mapema kwamba jua na mwezi vimewekwa kwa hesabu. Mwaka wa mwezi una siku 354, nao ndio wa ibada: kwa huo tunafunga, tunasherehekea Idi na tunakwenda Hija. Lakini kwa kuwa mwaka huo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, hauwezi kumwambia mkulima lini atapanda, wala nahodha lini atatweka. Kwa kazi hizo watu wa pwani walishika mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, ukahesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Mzee akitaja mwongo wa ngapi, mkulima alijua la kufanya na jembe lake. Watu wa Makunduchi bado huupokea mwaka huo kila Julai kwa Mwaka Kogwa, ingawa wengi wa vijana wanaokwenda kuitazama sherehe hawajui tena kuihesabu miongo.

Na hapa pana jambo linalostahili kuzingatiwa sana. Hesabu ya Nairuzi haina ile siku ya ziada inayoongezwa kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo huteleza siku moja katika kila miaka minne, na katika miaka mia huwa imesogea kwa siku zipatazo ishirini na tano. Mwongo uliokuwa wa kupanda katika zama za babu wa babu yetu hauangukii tena juu ya mvua ile ile. Wazee walikuwa na elimu kubwa, lakini elimu hiyo ilidumu kwa sababu waliendelea kutazama. Walitazama nyota, upepo, rangi ya bahari, na mti uliochanua, kisha wakairekebisha kauli yao. Sisi tukirithi majina ya miongo bila ya kurithi kutazama, tutakuwa tumerithi ala bila ya jambia lake.

Mataifa mengine yametuonesha faida ya kutazama kwa subira. Huko Uingereza, katika jimbo la Norfolk, mwenye shamba mmoja kwa jina Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika siku ya ua la kwanza na jani la kwanza nyumbani kwake. Alipofariki, watoto na wajukuu zake waliendelea na daftari lile mpaka mwaka 1958. Huko Kyoto, Japani, tarehe za kuchanua kwa miti ya cheri zimekusanywa kutoka katika shajara za watu wa zamani, nazo zinarudi nyuma hadi mwaka 812. Kwa sababu ya maandishi hayo, wataalamu waliweza kusema bila ya kubabaika kwamba kilele cha maua ya Machi 26, 2021 kilikuwa cha mapema kuliko chochote kilichoandikwa katika muda wa miaka 1,200 na zaidi. Wale walioandika zamani hawakuwa wakichunguza hali ya hewa. Walikuwa wakipenda maua yao, na waliandika tarehe.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana nasaha bila ya njia ni ngoma bila ya mpigaji. Mwenye bustani achague mimea mitatu au minne tu, asitake kuikamata yote. Achomeke kijiti au aweke jiwe mahali atakaposimama, na kila mara apige picha kutoka hapo hapo, kwa kimo kile kile, akielekea upande ule ule. Picha mbili zilizopigwa kutoka mahali mbalimbali hazilinganishiki. Mara moja kwa wiki inatosha, na siku ya Ijumaa asubuhi ni rahisi kukumbukwa. Tumba la kwanza likionekana, ua la kwanza likifunguka, na ua la mwisho likipukutika, hizo ni siku tatu zenye haki ya picha zake hata kama si Ijumaa.

Wakati mzuri ni asubuhi, kuanzia jua linapochomoza mpaka saa mbili na nusu hivi, kabla mwanga haujawa mkali na upepo haujaamka. Adhuhuri jua huwa utosini, ua jeupe huungua katika picha na kivuli huwa cheusi kama masizi. Kwa asumini, ambayo hufunguka jioni, ipigwe picha mara mbili: alasiri ikiwa tumba, na alfajiri inayofuata ikiwa wazi. Langilangi nalo lataka subira. Ua lake hutoka likiwa la kijani, na huchukua wiki kadhaa kugeuka manjano, ndipo harufu yake inapotimia. Mwenye kulipiga picha kila siku tatu ataona safari nzima. Kanga ya rangi ya giza ikitundikwa nyuma ya ua huliondolea zogo la ukuta na kamba za nguo, na kitambaa cheupe kikishikwa upande wa pili hurudisha nuru kivulini. Kiberiti kikiwekwa kando ya ua humjulisha mtazamaji ukubwa wake.

Chombo si hoja. Anayo kamera, vyema. Ana simu ya mkononi, inatosha. Wa kamera ajihadhari na unyevu wa masika na chumvi ya bahari, kwani ukungu huota ndani ya lenzi kama unavyoota kwenye kiatu. Aihifadhi katika kopo lenye kifuniko pamoja na mchele mkavu uliofungwa kitambaani. Wa simu asiitegemee simu peke yake, maana simu huibiwa, huanguka kisimani na hufa. Achapishe japo picha moja ya kila mwezi, na nyuma yake aandike kwa penseli tarehe, mahali, jina la mmea kama linavyoitwa mtaani kwao, upepo uliovuma na mvua iliyonyesha. Kwa mvua, kopo lenye kuta zilizonyooka likiwekwa mahali pa wazi, na rula ya mwanafunzi ikatumbukizwa kila asubuhi, tayari ni kipimo. Picha isiyo na tarehe ni pambo. Picha yenye tarehe ni hati. Mji wetu unalijua hilo vyema, kwani picha zilizopigwa na akina Gomes, na baadaye na Capital Art Studio iliyofunguliwa mwaka 1930, ndizo zinazotuonesha leo Mji Mkongwe ulivyokuwa.

Kuna adabu zake pia. Ua ni sitara ya watu wa nyumbani. Anayetaka kupiga picha maua ya jirani apige hodi, aombe ruhusa, na aangalie nani na nini kimo katika picha kabla ya kuionesha mahali popote. Bora zaidi, kazi hii ipewe wale wanaostahiki kuishika: mama na mabinti wa nyumba. Wao ndio wanaomwagilia, wanaopogoa, na wanaojua kilua kiko katika hali gani kwa kunusa tu kabla ya kukiona. Wapo miongoni mwao wanaojipatia fedha kwa kuuza vikuba na makoja ya asumini wakati wa harusi na maulidi. Kwao, kujua asumini itajaa lini na itapungua lini ni suala la riziki.

Kwa upande wa Serikali, tunalo la kusema. Vituo vikuu vya hali ya hewa vimo katika viwanja vya ndege vya Unguja na Pemba, na vinafanya kazi yake. Lakini kila mwenyeji anajua kwamba mvua ya Micheweni si lazima iwe mvua ya Mkoani. Skuli zetu zimo katika kila pembe ya visiwa. Kila skuli ikiwa na kitalu cha maua cha mimea mitatu ile ile, tuseme asumini, mwaridi na mrehani, na darasa moja likakabidhiwa kupiga picha na kuandika, baada ya miaka kumi tutakuwa na daftari la majira lisilopatikana kwingine, kwa gharama ya madaftari na kalamu. Sheha anaweza kulipokea, bwana shamba anaweza kulisoma, na Nyaraka za Taifa pale Kilimani ndipo mahali pake pa kulihifadhi.

Wala maofisa wasidhani kwamba tunazungumza juu ya mapambo matupu. Uchumi wa visiwa hivi umesimama kwa muda mrefu juu ya ua, tena ua ambalo halikuruhusiwa kuchanua. Karafuu ni tumba la mkarafuu, huchumwa linapoanza kuwa jekundu, na likiachwa likafunguka thamani yake huanguka. Matumba hayo huonekana miezi kadhaa kabla ya kuchumwa, na kila mtu anajua jinsi zao linavyopanda mwaka huu na kushuka mwaka ujao. Nyumba nyingi za Pemba zina mkarafuu nje ya mlango wa nyuma. Tawi moja lililopigwa picha kila wiki, kutoka kwenye kijiti kile kile, katika shehia ishirini, lingewapa wahusika habari ya mapema juu ya wachumaji, majamvi na fedha zitakazohitajika. Jicho lililozoea kuitazama asumini halitashindwa kuutazama mkarafuu.

Tunalisema hili sasa kwa sababu bustani zenyewe zinapungua. Nyumba zinajengwa ukuta kwa ukuta, na uani kunamiminwa saruji mpaka mlangoni mwa choo, ili pasiwe na matope. Usafi ni jambo jema, lakini saruji hainywi maji: mvua iliyokuwa ikizama kwenye shina la mwaridi sasa hukimbilia chumbani kwa jirani. Tunawaomba wajenzi waache angalau dirishani pa ardhi, hatua mbili kwa hatua mbili, penye mchanga na samadi. Hapo patatosha asumini moja na mrehani, na mfereji mdogo wa maji ya bafuni utazinywesha wakati wa demani.

Basi na asianze mtu kwa kungoja waraka. Anayesoma maneno haya na nyumbani kwake kuna mmea mmoja unaochanua, achomeke kijiti chake Ijumaa hii, apige picha, na aandike tarehe. Masika yajayo yatakapoingia, na mjadala wa barazani ukaanza tena, aje na daftari lake chini ya kwapa. Wazee watampisha aketi, nao watauliza kwanza kilichoandikwa mwaka jana.